Mtembezi Hula Miguu Yake

Wazee wetu wametuachia mithali mbili ambazo, zikiwekwa pamoja, zaonekana kama ndugu wawili wasiosemezana. Ya kwanza yasema kwamba mtembezi hula miguu yake, maana yake, mtu azungukaye bila kazi hapati faida ila uchovu. Ya pili yatuambia tutembee tupate kuona mengi. Moja yamfunga mtu nyumbani, na nyingine yamfungulia mlango. Basi, mtu afuate ipi? Kwetu sisi Wakristo swali hili si la mchezo, kwa kuwa tumefundishwa ya kwamba siku zetu ni amana, na kwamba iko siku tutakayotoa hesabu yake. Je, mtu atokaye nyumbani kwake, asiende sokoni wala shambani, wala kwa mgonjwa, wala kanisani, bali atembee tu na kurudi, ameiiba saa ile, au ameipokea?

Kwanza yatupasa kutenga maneno, maana ugomvi mwingi hutokana na kuita vitu viwili kwa jina moja. Aendaye ana mahali mbele yake. Asafiriye ana mzigo na siku za kuhesabu. Azururaye hana mahali wala mzigo, tena hana macho. Miguu yake yamchukua kwa sababu nyumbani pamemchosha, na mara nyingi mwisho wa njia yake ni penye pombe au penye masengenyo. Huyo hatumtetei. Lakini matembezi ni jambo jingine. Mtembezi hana haja mbele yake, ila macho yake yako wazi na moyo wake umetulia. Isaka alitoka kwenda kondeni wakati wa jioni ili atafakari, wala Maandiko hayamlaumu. Ndiyo matembezi ya namna hiyo tunayoyauliza habari zake.

Ili kulipima jambo hili sawasawa twahitaji mfano usioweza kusingiziwa anasa. Katika nchi zetu mtu aweza kusema, jua limepungua, upepo wavuma, ni nani asiyependa kunyosha miguu? Basi na tuchague mahali ambapo hewa haimbembelezi mtu, na wakati ambao kila mwenye akili angekaa karibu na moto. Tuchague mji wa Glasgow katika nchi ya Uskoti, mwezi wa Desemba, kando ya mto Clyde. Mto huo si mgeni kabisa kwetu, maana ukingoni mwake, katika kijiji cha Blantyre, alizaliwa David Livingstone mwaka 1813. Na mji wa Blantyre ulioko Malawi uliitwa kwa jina la kijiji hicho.

Pale Glasgow, ubavuni mwa mto, pana uwanja mpana wa majani na miti, uitwao Glasgow Green. Yasemekana kwamba ardhi ile ilitolewa mwaka 1450, zamani za Mfalme James wa Pili na Askofu William Turnbull, iwe ya kutumiwa na watu wa mji. Walilisha ng'ombe pale, wakafua nguo zao na kuzianika, wakakutana kwa sikukuu na kwa mikutano ya shauri. Hata leo ni bustani ya watu wote. Hakuna alipaye kuingia.

Haya, msomaji, twende kwa mawazo, maana safari ya mawazo haina nauli. Katika siku za mwisho za Desemba jua la Glasgow huchomoza karibu na saa tatu kasorobo ya asubuhi, nalo huzama kabla ya saa kumi ya jioni. Hata wakati wa adhuhuri halipandi juu ya vichwa, bali hupita chini chini upande wa kusini, kama mtu apitaye nyuma ya ua. Miti imepukutika majani yote; matawi yake yaonekana dhidi ya mbingu kama mishipa ya mkono wa mzee. Nyasi zimelowa. Mto una rangi ya chai isiyo na maziwa, na juu yake wazunguka shakwe wakilia. Twavaa koti zito, twafunga shingo kwa kitambaa cha sufu, twaingia.

Tulipoingia palikuwa na jua. Hatujamaliza hatua mia tano, wingu laja kutoka magharibi, na mvua nyembamba yaanza kutupiga usoni. Twajikinga chini ya daraja pamoja na watu tusiowajua. Mmoja asema neno juu ya mvua, mwingine acheka, na kwa dakika chache wageni wamekuwa majirani. Kisha mvua yakatika, upinde wasimama juu ya mto, nasi twatoka tukidhani mambo yamekwisha. Mara punje za mvua ya mawe zarukaruka njiani kama mchele uliomwagika, na baada yake vipande vichache vya theluji, vile ambavyo Zaburi yavifananisha na sufu, vyashuka polepole na kuyeyuka vikigusa ardhi. Kisha jua tena. Hayo yote yaweza kutukia kwa muda wa saa moja, wala watu wa huko hawashangai. Sababu yake ni kwamba pepo za kusini-magharibi huvuka bahari ya Atlantiki zikiwa zimejaa unyevu, nazo huyaleta mawingu moja baada ya jingine, kama misafara iendayo pwani. Bahari ile ina joto kidogo, kwa hiyo baridi ya Glasgow si kali kama ya nchi nyingine zilizo mbali na ikweta kadiri ile, lakini haitulii.

Basi tumepata nini mpaka hapa? Hatukununua kitu, hatukuuza, wala hatukumwona mtu tuliyemtaka. Lakini tumejifunza jambo moja ambalo mtu wa nyumbani husahau upesi, kwamba saa njema haiamriwi. Mtu akisema, "Nitatoka jua litakapokaa," katika mji ule hatatoka hata majira ya baridi yaishe. Mhubiri katika sura ya 11 atuonya kwamba mwenye kuuchungulia upepo na mawingu kila mara hukosa kupanda, hukosa na kuvuna. Na mtu akisema, "Jua hili ni langu, nalistahili," ataona uchungu mara wingu lipitapo. Lakini atembeaye huku akijua ya kuwa jua na mvua vyote vyaja kutoka mkono usio wake, hupokea kila kimoja kwa zamu yake. Hayo si kusema kwamba avae shuka nyembamba akidai kumtegemea Mungu. Koti ni juu yetu; wingu si juu yetu. Mtu aliyekwisha kupambanua mambo hayo mawili amepata hekima kubwa, tena itamfaa nyumbani katika msiba na katika njaa.

Hapa mtu mwenye bidii atatupinga. Atasema, "Maneno mazuri, lakini watoto hawali hekima. Saa ile ungeweza kutengeneza jembe." Neno lake lina nguvu, nasi hatulidharau. Tumjibu kwa habari iliyotukia katika uwanja uo huo.

Mwaka 1765 alikuwako Glasgow fundi aliyetengeneza vyombo vya elimu vya chuo kikuu, jina lake James Watt. Katika majira ya baridi ya mwaka 1763 kuingia 1764 alikuwa amepewa mfano mdogo wa mtambo wa mvuke autengeneze. Mtambo wa siku hizo ulikula makaa mengi mno, na Watt akaona sababu yake. Mvuke uliingia katika silinda, kisha maji baridi yalimwagwa ndani ya silinda ile ile ili mvuke ugeuke kuwa maji; basi silinda ikapoa, na kila mara ilibidi ipashwe moto upya. Ni kama mpishi aliyechemsha chungu, akakitia maji ya kisimani, akakichemsha tena, akakitia maji tena, mchana kutwa. Watt aliliwaza jambo hilo kwa miezi mingi, akajaribu hivi na hivi, asipate dawa yake.

Mwenyewe alisimulia katika uzee wake kwamba siku ya Jumapili, alasiri nzuri, alitoka kutembea katika Glasgow Green. Haikuwa siku ya baridi. Akaipita nyumba ya wafuaji, naye alikuwa akiuwaza mtambo. Akafika karibu na nyumba ya mlisha ng'ombe, na hapo wazo likamjia, kwamba mvuke hukimbilia mahali patupu, basi waweza kupelekwa katika chombo cha pili kilicho baridi daima, na silinda ikaachwa ibaki na moto wake daima. Hakwenda mbali kabla jambo lote halijapangika akilini mwake. Lakini ilikuwa siku ya Bwana, na Waskoti wa zamani zile waliishika siku hiyo kwa ukali. Kazi ya mikono ikangoja. Kutokana na wazo lile viwanda vya dunia vilibadilika.

Twaweza kumwambia mtu wa bidii, "Umeona? Matembezi yana faida." Naye pengine ataridhika. Lakini sisi hatujaridhika, kwa maana tukilimaliza shauri hapa tutakuwa tumeshinda kwa hila. Wazo lile halikumjia mvivu. Lilimjia mtu aliyelima akili yake muda mrefu, akaiacha ipumzike, na mbegu ikamea katika mapumziko. Tena, kwa kila Watt mmoja wako watu elfu waliotembea pale wakarudi bila wazo lolote, ila mashavu yenye baridi na moyo mwepesi. Je, hao walipoteza saa yao? Mtu akitembea ili apate mawazo yenye faida, hatembei. Ameifungua duka njiani. Bwana wetu alipowaita wanafunzi wake waende faraghani wakapumzike kidogo, hakuwaahidi ya kwamba wangerudi na uvumbuzi. Aliwahurumia kwa sababu hata nafasi ya kula hawakuwa nayo.

Kuna hatari katika kupima kila kitu kwa faida yake. Katika karne ya 19 walitokea wakubwa wa mji wa Glasgow walioshauri kwamba makaa ya mawe yaliyoko chini ya uwanja ule yachimbwe, mji upate fedha. Kwa hesabu ya fedha shauri lile lilikuwa na akili. Wenyeji wakalipinga, na uwanja ukabaki. Tufikiri jambo hilo, maana nasi twayajua mashauri ya namna hiyo vijijini. Kitu kisicho na bei ndicho kinachouzwa kwanza, kwa sababu hakuna mtu mmoja anayekitetea kama chake. Mti wa kivuli ulioko njia panda, kiwanja cha watoto, kijia kiendacho mtoni, vyote havina faida iandikwayo daftarini, na kwa hiyo mtu mwenye daftari huviona kama shimo. Lakini kijiji kisicho na mahali hata pamoja ambapo mtu aweza kuwapo bila kuuza wala kununua ni soko, si kijiji.

Lakini sasa tumefika penye jambo gumu zaidi, na bila kulitazama hatutakuwa tumesema kweli. Turudi tulipopita na Watt. Alipita nyumba ya wafuaji. Wafuaji wale walikuwa ni wanawake. Walileta nguo na mablanketi kutoka mjini, wakayatia katika mapipa ya maji, wakainua mavazi yao na kuyakanyaga kwa miguu, kisha wakayaanika nyasini. Katika Glasgow Green zingali zimesimama nguzo za chuma za kuanikia nguo, na mtembezi hupita kando yake. Siku ya Jumapili kazi yao ilikuwa imesimama. Lakini katika siku sita nyingine, mtu mmoja alitembea kwa miguu kando ya mto, na wengine, mahali pale pale, walikanyaga kwa miguu katika maji ya baridi. Miguu ni miguu. Kwa nini hawa wanapumzika na hawa wanafua?

Tena, ukingoni mwa uwanja ule pana jengo la kupendeza mno, lenye matofali ya rangi nyingi kama nguo ya arusi, lililofanywa kwa mfano wa jumba la watawala wa Venice. Lilikuwa kiwanda cha mazulia. Mtembezi husimama na kulisifu, hasa jua likilipiga baada ya mvua. Lakini tarehe 1 Novemba 1889, ukuta wake ulipokuwa ukijengwa, upepo mkali uliuangusha juu ya banda walimokuwamo wafumaji, wakafa 29, wote wanawake na wasichana. Upepo ambao kwa mtembezi ni mchezo wa majira, kwa hao ulikuwa kifo, kwa kuwa wao hawakuwa na ruhusa ya kwenda kujikinga chini ya daraja. Walikuwa kazini.

Na huyo Livingstone wetu? Alipokuwa na umri wa miaka 10 alitiwa katika kiwanda cha pamba cha Blantyre, naye alifanya kazi tangu saa 12 asubuhi hata saa 2 usiku. Mtoto huyo alikuwa na mto Clyde mlangoni pake, na mchana wote hakuuona isipokuwa kwa dirisha. Siku chache za mapumziko alizopewa alizitumia kuzunguka mashambani pamoja na ndugu zake, akiokota mimea na kutafuta makombe ya kale katika mawe. Hakuna mtu angemwambia mtoto yule kwamba anakula miguu yake bure. Zile saa zilikuwa ndizo peke yake alizoishi kama mtoto. Baadaye, mwishoni mwa mwaka 1836, yeye na baba yake walikwenda kwa miguu katika theluji toka Blantyre hata Glasgow, kutafuta chumba cha kupanga apate kusoma uganga.

Lakini haki yatulazimu kuongeza neno. Livingstone alipokuwa msafiri katika nchi zetu, dunia ikaisifu miguu yake. Hakwenda kwa miguu yake peke yake. Wako waliochukua mizigo, waliopika, waliomvusha mitoni, na mwisho waliombeba yeye mwenyewe alipougua. Alipokufa mwaka 1873, Chuma na Susi na wenzao waliuchukua mwili wake kwa miezi mingi mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Majina machache twayajua, mengi hayakuandikwa.

Hapo, ndugu zetu, mithali ya wazee yajifungua na kutuonyesha kiini chake. Mtembezi hula miguu yake. Tumeisoma siku zote kama lawama. Lakini yaweza pia kusomwa kama sheria: mtembezi na ale miguu yake, yake mwenyewe, wala asile miguu ya mwenziwe. Ubaya wa matembezi haumo katika kukosa faida. Umo katika kuyalipia kwa uchovu wa mtu mwingine asiyeulizwa. Mwanamume atokaye alasiri kutembea, na huku nyuma mkewe anatwanga, anateka maji, ana mtoto mgongoni na mwingine miguuni, huyo hakula miguu yake. Amekula ya mkewe. Bwana apumzikaye kwa sababu mtumishi wake hajui mapumziko, naye vivyo hivyo. Hata amri ya Sabato, tukiisoma vema, haikumwambia mtu mmoja apumzike; ilimtaja mwana na binti, mtumwa na mjakazi, mgeni aliye malangoni, hata na ng'ombe. Mungu alijua ya kuwa pumziko lisilogawanywa ni wizi.

Basi jibu letu kwa swali la kwanza ni hili. Matembezi yasiyo na haja si uvivu, wala hayahitaji kutetewa kwa faida. Ni saa ambayo mtu hukubali kuwa kiumbe, akiwa chini ya mbingu asizoziamuru, akipokea jua bila kujisifu na mvua bila kunung'unika. Lakini mtu ajiulize mambo mawili kabla ya kuufungua mlango. La kwanza, je, kazi iliyo yangu nimeifanya? La pili, ninapotembea, ni nani aliyebaki na kazi, naye zamu yake itakuja lini? Akiwa na jibu jema kwa yote mawili, aende kwa amani.

Twawashauri wasomaji wetu jambo jepesi kusema, si jepesi kutenda. Jumapili ijayo, baada ya ibada na chakula, mume na achukue mtoto, atie kuni motoni, amwambie mkewe, "Nenda mama, tembea kidogo kando ya mto, usichukue mtungi." Huenda mke akadhani mumewe ana homa. Huenda majirani wakacheka. Na acheke acheka-ye. Huko nyuma palikuwa na watu waliocheka wasichana walipopelekwa shule. Mama yule atakaporudi, mikono mitupu na kichwa kisicho na mzigo, tusimwulize ameleta nini. Tumwulize ameona nini, kisha tukae tumsikilize.

Hivyo mithali zile mbili zitapatana kama ndugu waliosameheana. Tutatembea tuone mengi. Na kila mmoja atakula miguu yake mwenyewe.